Nyuki Shambani: Mwongozo Kamili wa Uchavushaji wa Alizeti na Matikiti

Tikiti lililonenepa upande mmoja na kunywea upande wa pili mara nyingi halina ugonjwa. Ukilipasua utaona kwamba upande ulionenepa una mbegu zilizokomaa, ilhali ule ulionywea una mbegu nyeupe, laini, ambazo hazikuwahi kuwa mbegu kamili. Nyama ya tunda hutanuka pale mbegu inapokua, na mbegu haianzi kukua mpaka chembe ya chavua, yaani unga wa ua, kutoka ua dume ifike kwenye ncha ya ua jike. Ua jike moja la tikiti huhitaji chembe zipatazo 1,000, tena zilizosambaa kwenye sehemu zote tatu za ncha yake, ndipo tunda litoke na umbo zuri. Chavua hiyo inanata na upepo hauwezi kuibeba. Mbebaji wake ni mdudu, na mdudu huyo kwa kawaida ni nyuki.

Mwongozo huu unamlenga mkulima mdogo, hasa wa kanda ya kati ya Tanzania, ambako alizeti ya Singida na Dodoma hutegemea mvua ya msimu mmoja na matikiti hulimwa karibu na mabwawa na visima. Mpangilio wake huenda ukamshangaza msomaji, kwa kuwa mzinga unakuja katika hatua ya sita. Wengi huanza na mzinga: huununua, huutundika, kisha hunyunyiza sumu saa tatu asubuhi maua yakiwa wazi, na nyuki wakitoweka husema kwamba ufugaji haufai eneo lao. Mzinga hauwezi kuponya shamba linaloua nyuki. Ndiyo maana kazi inaanza kwenye ua.

Hatua ya kwanza: Jua kama zao lako linamhitaji nyuki

Mahindi, mtama na ngano hazimhitaji nyuki ili zizae. Mahindi hutegemea upepo, na ngano hujichavusha yenyewe. Maharage pia hujichavusha kwa sehemu kubwa. Kwa mazao haya, kuleta mizinga kwa ajili ya mavuno ni kupoteza fedha, ingawa nyuki watachukua chavua ya mahindi wakiikuta.

Kundi la pili ni la mazao ambayo bila mdudu hayatoi kitu, au hutoa kidogo sana: matikiti, maboga, matango, na vitunguu vinavyolimwa kwa ajili ya mbegu. Alizeti, parachichi, korosho na kahawa ya robusta hunufaika sana na wadudu, kila moja kwa kiasi chake na kutegemea aina ya mbegu. Hapa ni lazima tutenganishe nyuki wa asali na wadudu wengine. Nyanya hujichavusha, lakini ua lake huachia chavua vizuri zaidi likitikiswa kwa mtetemo wa misuli ambayo nyuki huitumia kurukia, na nyuki wa asali hana ufundi huo. Wenye ufundi ni nyuki wa porini, kama yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa. Huyohuyo ndiye mchavushaji hodari wa pasheni, kwa sababu nyuki wa asali ni mdogo mno kufikia sehemu zote mbili za ua lile kwa wakati mmoja. Maua ya mwembe hutembelewa sana na nzi, na kakao huchavushwa na vijidudu vidogo kuliko mbu. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mzinga mmoja utaongeza mavuno ya kila kitu shambani anauza mizinga.

Hatua ya pili: Lisome ua na saa zake

Mtikiti hutoa maua dume kwanza, na siku kadhaa baadaye ndipo maua jike yanapotokea. Utalitambua ua jike kwa kijitunda kidogo chenye manyoya kilicho chini ya petali zake. Wakulima wengi huingiwa na hofu waonapo maua ya mwanzo yakipukutika, wakakimbilia dukani kununua dawa ya ukungu. Maua hayo ni dume, yamemaliza kazi yake, na kupukutika ndiko kawaida yake. Kila ua hufunguka mara moja tu, muda mfupi baada ya jua kuchomoza, na hujifunga mchana wa siku hiyohiyo. Saa zenye maana kwa mkulima wa tikiti ni tangu saa moja hadi saa tano asubuhi. Ua jike lisilopata chavua ya kutosha katika saa hizo halipati nafasi nyingine kesho.

Alizeti ni habari nyingine. Kile tunachokiita ua moja ni mkusanyiko wa vijiua zaidi ya elfu moja, vilivyopangwa kwa mizunguko. Zile petali kubwa za manjano za pembeni ni bendera tu ya kuwaita wadudu na hazizai mbegu. Vijiua hufunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati, safu chache kila siku, kwa muda wa siku 5 hadi 10. Kila kijiua huanza kwa kutoa chavua, na kesho yake ndipo ncha yake ya kike inapokuwa tayari kupokea. Mpangilio huu hupunguza kujichavusha, hasa kwa mbegu za zamani ambazo mmea hukataa chavua yake wenyewe. Chotara nyingi za kisasa zimefugwa ziweze kujichavusha zaidi, lakini hata hizo kwa kawaida hujaza mbegu vizuri zaidi zikitembelewa na nyuki. Alizeti iliyopandwa mwishoni mwa Desemba au mwanzoni mwa Januari huanza kuchanua baada ya siku 55 hadi 65 hivi, yaani mwishoni mwa Februari na mwezi Machi, na hicho ndicho kipindi ambacho mipango yako yote ya nyuki inapaswa kukilenga.

Hatua ya tatu: Hesabu wageni, kisha pima upungufu

Asubuhi isiyo na mvua wala upepo mkali, kati ya saa mbili na saa nne, tembea polepole kati ya mistari ya matikiti ukihesabu maua yaliyofunguka na nyuki waliomo ndani yake. Kipimo cha siku nyingi ambacho wakulima wanaweza kukitegemea ni nyuki mmoja kwa kila maua 100. Ukitembea maua 300 ukaona nyuki watatu au zaidi, shamba lako lina wafanyakazi. Ukiona mmoja au usione yeyote, lina tatizo. Rudia kwa siku tatu, kwa sababu asubuhi moja yenye ubaridi inaweza kukudanganya: nyuki hutoka kwa shida joto linaposhuka chini ya nyuzi 13.

Kuhesabu hukuonyesha dalili tu, na jibu lenyewe linatokana na kuchavusha kwa mkono. Chagua maua jike 20 yaliyofunguka asubuhi hiyo na uyafunge uzi mwekundu kwenye kikonyo bila kukaza. Chuma maua dume mapya, menya petali zake, na upake chavua yake kwenye ncha ya kila ua jike ulilolitia alama, ukitumia maua dume mawili au matatu kwa kila jike moja na kuzungusha ili pande zote zipate. Chagua maua jike mengine 20 yaliyofunguka siku hiyohiyo, uyafunge uzi mweupe, na uyaachie wadudu. Baada ya wiki moja hesabu vijitunda vilivyobaki na kuanza kunenepa. Ikiwa uzi mwekundu umeshinda kwa mbali, shamba lina upungufu wa uchavushaji na nyuki wa ziada watakulipa. Ikiwa makundi yote mawili yamelingana, usitafute mzinga kwa ajili ya matikiti; tafuta maji, mbolea au ugonjwa. Kumbuka pia kwamba mtikiti wenyewe hudondosha vijitunda usivyoweza kuvilisha, kwa hiyo linganisha makundi mawili na usitarajie kwamba yote 20 yatabaki.

Kwa alizeti, chagua vichwa 10 ambavyo vimebakiza siku moja au mbili kufunguka. Vitano vifunike kwa mfuko wa kitambaa cha shela, ufunge shingoni, na uuache mpaka petali zinyauke. Vitano vingine viache wazi, na viwe vya ukubwa unaolingana na vile vya kwanza. Usitumie chandarua chenye dawa, maana utakuwa unawaua wageni unaotaka kuwahesabu. Wakati wa mavuno pura kila kundi peke yake, pepeta, na upime mbegu zilizojaa kwenye mizani. Tofauti utakayoiona ndiyo mchango wa wadudu katika shamba lako, kwa mbegu uliyopanda wewe. Mtu akipenda kujua kama wadudu waliopo wanatosha, aongeze kundi la tatu la vichwa vitano ambavyo atavipapasa taratibu kwa kitambaa laini cha pamba, akihama kutoka kichwa kimoja hadi kingine, kila baada ya siku moja, muda wote wa kuchanua.

Soma pia mahali mapepe yalipo. Mbegu tupu zilizotawanyika kichwa kizima mara nyingi huashiria uchavushaji hafifu. Mbegu tupu zilizokusanyika katikati peke yake kwa kawaida huashiria kwamba maji au virutubisho viliisha kabla safu za mwisho hazijajaa, na hilo hakuna nyuki anayeweza kulirekebisha.

Hatua ya nne: Acha kuua wachavushaji ulionao

Hatua hii haina gharama, na nionavyo mimi ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Kanuni ya kwanza ni kutonyunyiza kiuadudu chochote maua yakiwa wazi. Kwa matikiti hali ni nyepesi, kwa kuwa maua yamejifunga kufikia alasiri. Nyunyiza baada ya saa kumi na mbili jioni, ukiwa umehakikisha kwamba nyuki wamerudi, na dawa ipate usiku mzima wa kukauka. Kwa alizeti vijiua haviji na kuondoka kwa siku moja, hivyo mabaki ya dawa hubaki juu ya kichwa ambacho kesho nyuki atatambaa. Zao hili likiwa katika maua, namna salama ni kutolinyunyiza kabisa, na kudhibiti wadudu waharibifu kabla halijachanua.

Kanuni ya pili inahusu aina ya dawa. Dawa za unga ni hatari kuliko za maji, kwani unga hunasa kwenye manyoya ya nyuki kama chavua inavyonasa, naye huupeleka mzingani na kuwalisha majana, yaani watoto wa nyuki. Imidaklopridi na thiamethoksamu hunyonywa na mmea na kufika hadi kwenye mbochi (maji matamu ya ua) na chavua, kwa hiyo kunyunyiza jioni hakuondoi hatari yake; Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi ya dawa hizi katika mashamba ya wazi mwaka 2018. Jina la kibiashara lililoandikwa kwa herufi kubwa halikuambii kitu. Soma maandishi madogo yanayotaja kiambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua wadudu, na ununue dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Kwa viwavi, dawa zinazotokana na bakteria aina ya Bacillus thuringiensis ni nafuu kwa nyuki kuliko nyingi nyinginezo.

Kanuni ya tatu ni ya ujirani. Nyuki wa asali huweza kwenda kilomita mbili au tatu kutafuta chakula, na hivyo shamba lako safi linaweza kuwa na nyuki wanaofia kwa jirani. Zungumza na majirani mapema, mkubaliane kunyunyiza jioni na kuarifiana siku moja kabla. Ukiambiwa kwamba kesho kuna kunyunyiza, usizibe mlango wa mzinga na kuuacha juani, kwa sababu nyuki waliofungiwa katika joto la Dodoma wanaweza kufa wote. Funika mzinga kwa gunia lililoloweshwa, uliloweshe tena linapokauka, na ulitoe dawa ikishakauka. Ukikuta asubuhi lundo la nyuki mbele ya mzinga, wengine wakitetemeka na wengine wamekufa ndimi zikiwa nje, hiyo ni sumu.

Umwagiliaji nao una saa zake. Mpira wa kunyunyizia maji kutoka juu ukifunguliwa saa mbili asubuhi huwafukuza nyuki na kulowesha chavua. Mwagilia alasiri, au tumia matone.

Hatua ya tano: Wape nyuki wa porini makazi

Aina nyingi za nyuki duniani haziishi mzingani. Wengi wa hao wa porini huchimba vishimo ardhini, mahali pakavu palipo wazi. Wengine huishi ndani ya mabua matupu, kwenye matundu ya miti au kwenye kuta za udongo. Acha ukanda wa mita moja au mbili ukingoni mwa shamba usiolimwa wala kuchomwa moto. Panda humo mimea itakayochanua kabla na baada ya zao lako: mbaazi, mrehani, giligilani iliyoachwa ikapanda maua, na mlonge. Usikate migunga na mibuyu iliyo karibu, maana hiyo hulisha nyuki nje ya msimu wa kilimo.

Hapo pia watapata nafasi nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao watu wengi huithamini kama dawa. Hawaruki mbali, mara nyingi mita mia chache tu, lakini wanaweza kuwekwa karibu kabisa na nyumba, na kwa mwenye bustani ndogo ya matango wanafaa kuliko mzinga wa nyuki wakali.

Hatua ya sita: Leta mzinga

Sasa mzinga una maana. Kwa matikiti na alizeti, mizinga miwili hadi mitano kwa hekta inatosha, yaani mmoja au miwili kwa ekari, lakini idadi hiyo ni ya mizinga yenye kundi lenye nguvu. Mzinga wenye nyuki wachache hutuma karibu wote kulea majana na kulinda mlango. Simama pembeni asubuhi na uangalie wanaoingia: ukiona wengi wana vidonge vya chavua miguuni, malkia anataga na majana wapo, na kundi lenye majana ndilo linalotafuta chavua kwa bidii. Kwa sababu hiyohiyo usirine asali wala kukata masega ya majana zao likiwa katika maua.

Katika mazingira yetu si rahisi kukodi mizinga na kuihamisha, na nyuki wetu huhama upesi wakisumbuliwa. Njia inayofaa mkulima mdogo ni kutundika mizinga mitupu ukingoni mwa shamba miezi kadhaa kabla na kungoja makundi yanayohama yaingie. Paka nta ya zamani ndani, na usugue majani ya mchaichai mlangoni. Harufu yake inafanana na ile ambayo nyuki hutumia kuitana. Mzinga wa vibao vya juu, ambamo nyuki huning'iniza masega kwenye vibao vilivyopangwa juu yake, unafaa kwa sababu fundi wa kijijini anaweza kuutengeneza, ila mpe kipimo: kila kibao kiwe na upana wa milimita 32. Kipimo cha nyuki wa Ulaya ni milimita 35, na vibao vikikatwa hivyo nyuki wetu hujenga masega yakikatiza kutoka kibao kimoja hadi kingine, kisha huwezi kuinua kimoja bila kuvunja kingine. Tundika mzinga kwa waya kati ya nguzo mbili, usawa wa kiuno, kivulini, na upake grisi kwenye waya ili siafu na sisimizi wasipite. Nyegere hupendelea mzinga uliowekwa chini.

Ikiwa unayo mizinga mahali pengine na unataka kuihamisha, fanya hivyo maua yanapoanza tu, kama sehemu moja kati ya kumi yakiwa yamefunguka. Nyuki walioletwa mapema mno huzoea maua mengine ya jirani, na mfanyakazi akishazoea aina moja huishikilia safari baada ya safari. Tabia hiyo ndiyo inayomfanya awe mchavushaji mzuri, na ndiyo itakayokukosesha huduma yake ukikosea siku. Ziba mlango baada ya giza kuingia kwa wavu wa waya unaopitisha hewa, safirisha usiku, na ufungue kabla ya alfajiri. Umbali uwe zaidi ya kilomita tano. Ukisogeza mzinga mita mia mbili tu, nyuki watarudi mahali pa zamani na kurundikana hewani wakiutafuta.

Hatua ya saba: Linda watu na mifugo

Nyuki wa nyanda zetu, ambaye wataalamu humwita Apis mellifera scutellata, hana mzaha. Ndugu zake waliopelekwa Brazil mwaka 1956 ndio walioanzisha uzao mkali uliosambaa hadi Marekani. Weka mizinga angalau mita 200 kutoka nyumba, shule, njia na kisima. Mlango uelekee mbali na shamba, na mbele yake pawe na uzio wa mimea mirefu unaowalazimisha nyuki kuruka juu ya vichwa vya watu. Usimfunge mbuzi wala punda kwa kamba karibu na mzinga, kwa kuwa mnyama asiyeweza kukimbia huuawa. Palizi ya mistari iliyo karibu na mzinga ifanywe jioni sana.

Nyuki akiuma, mwiba anaouacha hutoa harufu inayofanana na ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake. Kwangua mwiba haraka kwa ukucha, puliza moshi mahali ulipoumwa, na uondoke. Ndizi mbivu yenyewe isifike karibu na mzinga. Mtu aliyeumwa akivimba uso au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali bila kungoja.

Hatua ya nane: Pima, na uwatunze kiangazi

Andika tarehe ya kuchanua, hesabu ya nyuki ya kila asubuhi, idadi ya matikiti yaliyouzwa kwa bei kamili na yale yaliyopinda, na kilo za alizeti kwa ekari. Mwaka unaofuata rudia jaribio la nyuzi mbili za rangi, kwa sababu mwaka wa mvua nzuri unaweza kuongeza mavuno na ukampa nyuki sifa isiyo yake. Asali ihesabiwe kando.

Kuanzia Juni maua ya shambani yamekwisha na mvua iko mbali. Wakati wa kurina acha masega kadhaa ya asali kwa ajili ya nyuki wenyewe, na uweke karibu na mizinga beseni la maji lenye mawe yanayochomoza juu ya maji, ili wanaokunywa wapate pa kukanyaga. Beseni likikauka mwezi Septemba, usitarajie kuwakuta Februari.